Je, wajua kwa nini saa ya mbio huzima ghafla ikiwa bado ina asilimia 30?

Wanaokimbia na saa ya GPS wanalijua tukio hili. Umetoka Kisasa, hapa Dodoma, alfajiri unaelekea Ihumwa, saa mkononi inasoma betri asilimia 31. Kilomita ya tisa inatimia: saa inatetemeka, taa ya kioo inawaka ili uone muda wako, na papo hapo kioo kinakuwa cheusi. Ukifika nyumbani unabonyeza kitufe, saa inawaka na kuonyesha asilimia 24, utadhani haikuwahi kuzima. Kama chaji ipo, kwa nini ilizima? Na kama haipo, hiyo 24 imetoka wapi?

Jibu linalosikika sana kwenye vikundi vya jogingi ni kwamba satelaiti ndizo zimekula betri. Saa inaongea na satelaiti, watu husema, na ukishatoka mjini mtandao unapungua, kwa hiyo saa inalazimika kutumia nguvu nyingi ili isikike. Maelezo hayo yana mashiko kwa sababu simu ndivyo inavyofanya. Ukisafiri kutoka Dodoma kwenda Kondoa au Manyoni, pale ambapo mnara uko mbali simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi, na chaji huisha haraka kweli. Mtu aliyezoea simu ataipima na saa kwa kipimo hicho hicho.

Lakini saa ya GPS hairushi chochote kwenda kwenye satelaiti. Inasikiliza tu. Satelaiti za GPS, zipatazo 30, huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza mfululizo wakati wake na njia inayopita. Saa hupokea matangazo ya satelaiti nne au zaidi, hulinganisha yamechukua muda gani kufika, kisha hukokotoa mahali ulipo. Satelaiti haijui kama upo. Awe anasikiliza mtu mmoja au watu milioni mia, kwayo hakuna kinachobadilika. Wala mnara wa simu hauhusiki na kazi hiyo, na ndiyo maana saa huichora njia yako vizuri kabisa porini ambako simu haina hata kijiti kimoja cha mtandao.

Kinachotumia umeme ni hesabu. Mawimbi yanapofika ardhini yamedhoofika mno, hata kuliko vurugu za umeme zilizomo ndani ya kipokezi chenyewe. Ili kuyatambua, chipu hutafuta mfuatano wa alama 1,023 unaojirudia kila sehemu ya elfu moja ya sekunde, na huulinganisha tena na tena mpaka uoane. Kazi hiyo huwa nzito zaidi mwanzoni, saa inapotafuta satelaiti, au mawimbi yanapozibwa na majengo. Na hapo Dodoma ina bahati, kwa kuwa nchi ni tambarare, miti ni mifupi na anga liko wazi. Aliyesimama Mtumba anapata satelaiti kwa urahisi kuliko aliye katikati ya maghorofa ya Kariakoo. Kama satelaiti ndizo zingekuwa chanzo, saa za Dodoma zingekuwa za mwisho kuzima njiani.

Kuna mawili ya kuongeza. Saa yenye laini yake ya simu hurusha mawimbi kwenda mnarani, na hiyo huathirika kweli mtandao ukiwa hafifu. Pia ule mpangilio wa kutumia mifumo yote ya satelaiti, yaani GPS pamoja na mingine inayofanana nayo, kwa masafa mawili ya mawimbi, uliopo kwenye saa nyingi za miaka ya karibuni, hula chaji kuliko GPS peke yake. Ila vyote hivyo humaliza betri taratibu, asilimia kwa asilimia. Havirushi saa kutoka 31 hadi giza.

Tatizo liko kwenye namba yenyewe. Ndani ya betri hakuna kitu kinachoona chaji iliyobaki. Saa hupima volteji, yaani msukumo wa umeme, na zile zenye chipu nzuri huhesabu pia umeme unaoingia na kutoka, kisha hukisia. Kukisia huko si rahisi, kwa sababu betri ya lithiamu haishuki kwa mwendo mmoja. Sehemu kubwa ya matumizi yake, volteji hubaki kati ya volti 3.9 na 3.6 hivi, na ndani ya nafasi hiyo nyembamba ndimo zilimobanana asilimia nyingi. Kosa dogo la kipimo linatosha kuitupa asilimia mbali.

Tena, kinachoizima saa si kuisha kwa chaji. Saa huzima volteji inapoanguka chini ya kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, na volteji inaweza kuanguka chaji ikiwa bado tele.

Anayeishi Dodoma ana mfano wake nyumbani. Chukua simtanki lililo juu ya mnara, na bomba linaloshuka hadi jikoni na bafuni. Maji yetu ya visima yana chumvi; kila birika la hapa lina ukoko mweupe ndani, na ukoko huo huo hujijenga kwenye mabomba mwaka hadi mwaka mpaka tundu linakuwa jembamba. Siku moja tanki lina maji theluthi moja. Ukifungua bomba la bafuni, maji yanatoka vizuri. Mtu mwingine akifungua lile la jikoni wakati huo huo, bomba la mvua linakauka kichwani mwako ukiwa na sabuni. Maji tankini yapo. Njia ndiyo haiwezi kupitisha mengi kwa mara moja. Bomba la jikoni likifungwa, maji bafuni yanarudi, na ukipanda juu kuangalia tanki utakuta bado ni theluthi ile ile. Bomba likiwa jipya usingeona tofauti yoyote, maana lina nafasi ya kuwahudumia wote wawili.

Tanki ni chaji. Ukoko ni kile wanafizikia wanachokiita ukinzani wa ndani wa betri. Na mtu wa pili aliyefungua maji ni ule mtetemo wa kilomita.

Tuweke hesabu ya mfano. Betri ina volti 3.7 ikiwa imetulia, na kikomo cha saa ni volti 3.4. Ukikimbia kawaida, saa inavuta mkondo wa umeme wa ampea 0.03. Kilomita inapotimia, mota ya mtetemo, taa ya kioo na Bluetooth huamka pamoja, na kwa nusu sekunde saa inavuta ampea 0.15. Volteji inayopotea ni mkondo mara ukinzani. Betri mpya yenye ukinzani wa omu 0.5 inapoteza volti 0.075 tu, inabaki na 3.6 na ushee, na saa inaendelea. Betri kuukuu yenye omu 2.5 inapoteza 0.375. Inaangukia 3.325, chini ya kikomo, na saa inakufa hapo hapo. Namba za saa yako zitakuwa nyingine kidogo, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda. Sekunde moja baadaye hakuna tena mzigo, volteji inarudi juu, na ukiiwasha saa inaikuta ile chaji ambayo haikwenda popote.

Ndiyo maana saa kuukuu hupenda kufia kwenye mlio wa kilomita, au ujumbe unapoingia, au unapobonyeza taa gizani. Kwangu hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii, kwamba kifaa kinazimwa na dakika ile ile kinapotaka kukuambia unaendelea vizuri.

Ukoko wenyewe unatoka wapi? Upande hasi wa betri hizi umetengenezwa kwa kinywe (grafiti), madini yale yale yaliyomo katika milima ya Mahenge mkoani Morogoro. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza kiwandani, kimiminika kilichomo huungana na uso wa kinywe na kuacha utando mwembamba. Utando huo unahitajika, kwani bila huo betri ingeharibika mapema. Taabu ni kwamba haukomi kukua. Kadiri unavyokua humeza lithiamu, na hapo uwezo hupungua. Na huziba njia, na hapo ukinzani hupanda. Betri nyingi za aina hii hubaki na asilimia 80 hivi ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500.

Joto huuharakisha utando kuliko kitu kingine chochote, hasa betri ikiwa imejaa. Saa iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari lililofungwa juani mwezi Novemba, hapa kwetu, inapikwa: sehemu hiyo ya gari huweza kupita nyuzi joto 60. Jioni inawaka kama kawaida na hakuna anayeshuku. Baridi nayo ina kazi tofauti. Haiharibu betri, ila huongeza ukinzani kwa muda huo tu wa baridi. Asubuhi za Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na ingawa ngozi ya mkono huipasha saa, kwa betri iliyokwisha kuchoka kiasi hicho huweza kuwa tone la mwisho. Hasara iliyoingia Novemba huonekana Julai, na lawama hubebeshwa sasisho la programu la wiki iliyopita.

Kabla ya kwenda kwa fundi kuna jaribio ambalo halina gharama. Zima mtetemo, zima mlio wa kilomita, punguza taa ya kioo, halafu kimbia njia ile ile kuanzia chaji ile ile. Saa ikipita salama pale ilipokuwa ikifia, umepata jibu: ni ukinzani, na betri imezeeka. Isipopita, au kama asilimia zinashuka haraka lakini kwa mpangilio, angalia mipangilio ya satelaiti, kipimo cha oksijeni cha usiku kucha, na kioo kisichozima.

Wengi hushauri kuimaliza chaji yote kisha kuijaza mpaka 100 bila kukatiza. Kufanya hivyo mara moja husaidia saa kukisia vizuri zaidi. Betri yenyewe haiponi, na kulirudia kila wiki ni kuichosha tu.

Kuna hitilafu nyingine inayofanana na betri mbovu na si betri kabisa. Geuza saa uangalie vile vidoti vya chuma vya kuchajia. Jasho likikauka huacha chumvi, vumbi jekundu la huku hushikamana nayo, na ukichomeka chaja saa ikiwa bado na unyevu, umeme unapita kwenye maji hayo ya chumvi na kuula ule mchovyo wa juu. Utaona kidoti kimoja kimekuwa cheusi au cha kijani wakati vingine vinang'aa. Saa ya namna hiyo huchaji kwa kukatakata, asubuhi unaikuta 60 badala ya 100. Isugue kwa mswaki laini na maji safi kidogo, ikaushe kabisa, na usafishe pia vipini vya chaja. Jenga mazoea ya kuisuuza baada ya mbio na kuichaji ikiwa imekauka na imepoa. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kuchaji kwenye nyuzi joto 45.

Mgongo wa saa ukiinuka, au kioo kikiachia upande mmoja, betri imevimba. Hapo hakuna jaribio. Usiichaji tena wala kuibonyeza irudi ndani, na usiitoboe, kwa sababu gesi iliyomo na kimiminika chake hushika moto.

Fundi wa simu mwenye mkono mtulivu anaweza kubadilisha betri ya baadhi ya saa hizi. Muulize mapema kuhusu mpira wa kuzuia maji unaozunguka kifuniko, kwani ukichanika au ukirudishwa vibaya saa haitafaa tena kuogelea wala kukimbia kwenye mvua za Januari. Na baada ya kubadilisha, asilimia za mwanzo zitakuwa za kuyumba: saa bado inahesabu kwa kumbukumbu za betri ya zamani, na itahitaji kujazwa na kutumika mara kadhaa mpaka iizoee mpya.