Mahakama ya kijeshi: filamu zinapatia wapi, zinakosea wapi

Mahakama ya kijeshi ni chombo cha kumhukumu mwanajeshi kwa sheria za jeshi lake. Wengi tunaijua kupitia filamu za Marekani, hasa A Few Good Men ya 1992, ambamo Tom Cruise ni wakili kijana wa Jeshi la Majini anayewatetea Marines wawili (askari wa kikosi cha mapigano cha majini) walioshtakiwa kumuua mwenzao kambini Guantanamo Bay, kambi ya Marekani iliyoko Cuba.

Mengi wameyapatia. Wakili wa jeshi ni ofisa mwenye cheo chake, anasimama kortini na sare, na mshtakiwa hamlipi hata senti. Tena ofisa yuleyule anaweza kuwa mtetezi leo, akihamishwa akawa mwendesha mashtaka.

Kwenye hukumu ndipo wanapoteleza. Vijana wale wanaachiwa kwa mauaji, lakini wanatiwa hatiani kwa mwenendo usiomstahili Marine, kisha wanafukuzwa jeshini kwa fedheha. Sasa, katika kanuni za kijeshi za Marekani, zilizoanza kutumika 1951, mwenendo usiostahili ni kifungu cha 133, nacho kinawahusu maofisa na wanaosomea uofisa peke yao. Askari wa vyeo vya chini angebanwa kwa kifungu cha 134, kile cha kuvuruga nidhamu au kulitia jeshi aibu. Yaani filamu nzima ni ya mawakili, halafu watu wanapoteza kazi kwa kosa lisilowahusu!

Kanali mkuu wa kambi ile kupandwa na hasira hadi akaropoka ukweli mbele ya jaji, hilo tuwasamehe, ni utamu wa sinema. Kesi nyingi humalizwa kimyakimya, mshtakiwa akikiri kosa kwa makubaliano.

Kinachopitwa haraka mno ni jopo. Wanaoamua ni wanajeshi, na enzi za filamu ile waliteuliwa na kamanda yuleyule aliyeamua kesi ifunguliwe. Askari wa kawaida anaruhusiwa kuomba angalau theluthi ya jopo wawe wenzake wasio maofisa. Wala si lazima wote wakubaliane: wakati ule theluthi mbili ya kura zilitosha kumtia mtu hatiani, na tangu 2019 zinahitajika robo tatu, yaani watu 6 katika jopo la 8. Mwishoni mwa 2023 makamanda walinyang'anywa pia uamuzi wa kushtaki makosa mazito kama mauaji na ubakaji, ukakabidhiwa kwa waendesha mashtaka maalumu wasio chini yao.