Favela haikuwa Kireno cha mtaa wa mabanda tangu zamani

Kila muhula nikifika kwenye mada ya makazi holela, kuna mwanafunzi atakayeeleza kwa uhakika kwamba wareno waliita mtaa wa mabanda "favela" tangu zamani. Nimechoka kulisikia hili, maana anayeliamini hajui mitaa hiyo ilitokana na nini.

Favela ni mmea wa nyika kame ya kaskazini-mashariki mwa Brazil, unaowasha vibaya ukiugusa. Mmea huo ulikipa jina kilima kimoja karibu na Canudos, jimbo la Bahia, ambako jeshi la serikali lilipiga kambi kwenye vita ya 1896 hadi 1897 dhidi ya wafuasi wa mhubiri Antônio Conselheiro. Vita ilipokwisha, baadhi ya askari walikwenda Rio de Janeiro, wakasubiri makazi waliyoahidiwa bila kuyaona. Wakajijengea vibanda kwenye kilima cha Providência, na kilima hicho kikaitwa Morro da Favela, yaani Kilima cha Favela. Kufikia miaka ya 1920, kila kilima chenye vibanda mjini Rio kilikuwa favela, kwa herufi ndogo. Mwaka 1937 neno likaingia kwenye kanuni za ujenzi za jiji, zilizokataza favela mpya.

Wengine hudhani askari ndio waliokuwa wa kwanza pale. Hapana. Januari 1893 meya Barata Ribeiro alibomoa Cabeça de Porco, makazi makubwa ya wapangaji maskini chini ya kilima hichohicho, na baadhi ya waliofukuzwa waliokota mbao zao wakapanda nazo juu. Hapa ndipo huwa nawasimamisha maofisa mipango miji wa kesho: kabla hujaleta greda, nionyeshe kwenye ramani watu hawa watalala wapi usiku wa leo.

Kwamba favela ni za kupita tu? Sensa ya 2022 ilikuta watu milioni 16.4 wakiishi humo, asilimia 8.1 ya Wabrazili.

Wengine huchanganya favela na geto, na geto halikuanzia Marekani. Ghetto ni eneo la Venice ambako Wayahudi walilazimishwa kuishi kuanzia 1516, na milango ikifungwa kila usiku. Favela haikufungiwa mtu. Walioijenga ni watu waliokosa pa kwenda. Ukiviandika kuwa kitu kimoja kwenye mtihani, nakata alama.