Marudio: kumtazama kikaragosi kwa mara ya pili

Neno marudio wengi wetu tulikutana nalo kwanza shuleni. Mtihani ukikaribia, mwalimu anafunga kitabu na kusema sasa ni marudio, na darasa zima linajua kwamba hakuna jipya litakalofundishwa. Ni yale yale, ila safari hii unayasoma ukijua yanaishia wapi. Baadaye tukalikuta kwenye ratiba za televisheni. Kipindi cha Jumatano usiku kinarushwa tena Jumamosi mchana, pembeni pameandikwa "marudio", na mtu akiliona neno hilo mkono unakwenda kwenye rimoti.

Kuna maana ya tatu, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: mtu kuchagua mwenyewe kutazama tena kitu alichokwisha kukiona, akiwa na wenzake, ili wakizungumze. Mfano wangu utakuwa vichekesho vya zamani vya vikaragosi, kwa sababu sijaona aina ya kipindi inayolipa marudio kama hiyo.

Tuanze na kikaragosi mwenyewe. Si mwanasesere. Mwanasesere ni wa mtoto kubeba mgongoni na kubembeleza, akiwekwa chini analala. Si kinyago, ambacho kikishachongwa kimesimama. Kikaragosi ana mtu nyuma yake au chini yake, na mtu huyo akitoa mkono, kinachobaki ni kitambaa. Jina lake limetoka mbali. Waturuki wana mchezo wa vivuli ambao shujaa wake ni Karagöz, maana yake "jicho jeusi", mtu wa mtaani asiye na elimu lakini mwenye mdomo, anayebishana na rafiki yake Hacivat, bingwa wa maneno makubwa. Maumbo yao hukatwa kwenye ngozi, yakatiwa rangi, yakashikwa kwa vijiti nyuma ya pazia lenye taa. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Jina la mhusika mmoja likawa jina la jamii nzima, likaingia katika Kiswahili, likavishwa ki- yetu, na leo mtu wa Tabora anamtaja Mturuki bila kujua.

Tunalo pia neno kibaraka, la mtu anayetumikia matakwa ya mwingine, na wengine kwa maana hiyohiyo husema kikaragosi. Si ajabu basi kwamba vikaragosi na siasa havikai mbali. Mtanzania mwenzetu Gado, mchoraji wa katuni aliyefanya kazi miaka mingi Nairobi, ndiye aliyeanzisha The XYZ Show, kipindi kilichoanza kurushwa Kenya mwaka 2009 kikiwa na vikaragosi vya mpira vyenye sura za wanasiasa. Lakini hicho ni kisa kingine. Mimi nabaki na vikaragosi vya kuchekesha tu.

Kipindi tunachokitazama nyumbani ni The Muppet Show. Mwanzilishi wake, Jim Henson, alikuwa Mmarekani aliyeanza kazi hiyo mwaka 1954 katika kituo kimoja cha Washington, akiwa bado kijana. Chura wake, Kermit, alimshona kwa koti kuukuu la mama yake, na macho akayatengeneza kwa mpira wa pingpongi uliokatwa nusu kwa nusu. Alipotaka kufanya kipindi kikubwa cha usiku, mitandao ya televisheni ya Marekani ilikataa, ikiona vikaragosi ni vya watoto. Aliyekubali ni Lew Grade wa kituo cha ATV cha Uingereza. Ndiyo maana vipindi vyote 120, vya misimu mitano kuanzia 1976 hadi 1981, vilirekodiwa katika studio za Elstree, jirani na London. Vikauzwa katika nchi zaidi ya 100.

Sisi hatukuwamo. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Enzi Kermit anatambulisha wageni wake, Tabora ilikuwa inacheka na redio: Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, watu wamekaa kimya kuizunguka meza yenye redio moja. Kwa hiyo kwetu jambo hili lina ugeni wake. Binamu yangu aliponiletea kutoka Dar es Salaam diski za misimu mitatu ya mwanzo, nilikuwa napokea marudio ya kitu ambacho mtaa mzima wa Isevya haukuwahi kukiona mara ya kwanza.

Tunatazama Jumapili alasiri, sebuleni kwa bibi. Deki ni ya zamani na inataka kupigwa kofi kidogo kabla ya kusoma diski. Bibi hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye mtafsiri, kama yule jamaa wa kibanda umiza anayesimulia filamu juu ya sauti za waigizaji. Ila kuna mmoja asiyehitaji tafsiri. Ni mpishi mwenye masharubu makubwa, anayezungumza maneno yasiyo ya lugha yoyote. Anaimba, anarusha vijiko nyuma, anagombana na kuku. Bibi anamcheka sawasawa na anavyochekwa na Mwingereza, kwa kuwa mbele ya mpishi huyu wote ni wageni wa lugha.

Siku ya kwanza tulicheka tukapita. Ilikuwa Jumapili ya tatu, tumerudia kipindi kilekile, bibi aliposema, "Mjukuu wangu, huyu chura hakufunzwa adabu? Kila kitu anafanya kwa mkono wa kushoto."

Nikarudisha nyuma. Kweli. Chura anaonyesha kidole kwa kushoto, anapunga kwa kushoto. Dubu naye hivyohivyo. Mimi ninayejiona mjuzi wa kipindi hiki sikuwa nimeliona hilo, akaliona mwanamke aliyelelewa akijua kwamba kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumdharau.

Sababu yake unaweza kuipata ukiwa hapo ulipo. Inua mkono wako wa kulia juu ya kichwa, vidole vinne juu, dole gumba chini, uufanye mdomo. Huo ndio uso wa kikaragosi. Sasa mikono yake nani ataiendesha? Umebaki na mkono mmoja tu, wa kushoto, na unaangukia upande wa kushoto wa kikaragosi. Wachezaji wengi hutumia kulia kwa kichwa kwa kuwa kichwa ndicho chenye kazi ngumu, basi vikaragosi wao wanakuwa wa mkono wa kushoto, karibu wote. Kwa Kermit ni kijiti chembamba kilichofungwa kwenye kiganja, na ukikikodolea macho utakiona. Kwa dubu Fozzie ni mkono wenyewe wa mchezaji umevaa glovu yake, na wa kulia, kama unahitajika, unachezeshwa na mtu wa pili aliyebanana naye pale chini.

Yule mpishi ndiye wa ajabu zaidi. Mikono yake ni mikono ya binadamu, haina glovu. Kichwa na sauti ni vya Henson, lakini mikono yote miwili ni ya mwenzake, Frank Oz. Tazama ukijua hivyo: mikono inashika kisu, kichwa kinageuka kuona kisu kimefanya nini, kimechelewa kidogo. Ule uchelewaji mdogo ndio kichekesho. Mara ya kwanza unacheka hujui unachekea nini.

Hapo ndipo ninapoiona maana ya marudio. Mara ya kwanza macho yanafuata kisa, yanataka kujua nini kitatokea. Kisa kikishajulikana, macho yanaachiwa huru, yanahamia kwenye ufundi: wanafanyaje? Kwenye filamu ya mapigano ufundi mwingi umefichwa kwa kukatakata picha. Kwa kikaragosi uko wazi mbele yako muda wote, inchi chache chini ya ukingo wa kioo. Henson aliliondoa lile sanduku la kibanda ambalo wachezaji wa zamani walijificha ndani yake, akaufanya ukingo wa televisheni ndio kibanda. Majukwaa yalinyanyuliwa juu ili watu wazima watembee chini yake mikono ikiwa hewani, huku kila mmoja akitazama skrini ndogo inayomwonyesha kile ambacho kamera inaona. Na skrini hiyo si kioo cha kujitazamia: ukisogea kulia kwako, picha yako inakwenda kushoto. Mgeni wa kazi hiyo hupotea kabisa.

Kermit hana nyusi wala kope, na macho yake hayasogei. Akifedheheka, kinachotokea ni kwamba vidole vinajikunja ndani na mdomo unasinyaa kama ndimu iliyokamuliwa. Nimerudia mara nyingi mahali hapo na bado nasahau kwamba ninatazama ngumi ya mtu.

Sasa neno lingine: onyesho mseto. Ni onyesho lisilo na kisa kimoja, lenye wimbo, kichekesho, mgeni mashuhuri, dansi, halafu kituko kisichoelezeka. Kulieleza hili kwa bibi hakukunichukua muda. Yeye ni wa upande wa Nzega, na ujana wake aliona mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayojulikana sana Usukumani. Makundi mawili yanacheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati. Hivyo kila kundi linakuja na mbinu zake za kuvuta watu: nyimbo mpya, mavazi, nyoka, hata sanamu za mbao zinazochezeshwa. Bibi akasema, "Basi huyu chura ni manju," yaani kiongozi wa kundi la ngoma. Sijapata tafsiri nzuri kuliko hiyo. Kermit ndiye manju, anahangaika nyuma ya jukwaa ili umati usihamie upande wa pili.

Nyuma ya jukwaa ndiko ninakokutazama siku hizi. Kipindi kina sehemu mbili, jukwaani na nyuma ya pazia, na anayetazama mara ya kwanza hudhani ya pili ni ya kuunganishia tu. Kwangu mimi imegeuka kuwa ndiyo kipindi.

Halafu wako wale wazee wawili wa roshani, Statler na Waldorf, ambao kazi yao ni kulitukana onyesho mwanzo hadi mwisho. Tunawajua. Wako chini ya mwembe wanacheza bao, na hakuna anayepita bila kusemwa. Kila wiki wanaapa kwamba hawajaona onyesho baya kama hili, na wiki inayofuata wako kwenye viti vilevile. Nilipojua kwamba Waldorf alichezwa na Henson mwenyewe, nilirudia msimu wote wa pili. Anayehangaika kuliendesha onyesho na anayelizomea kutoka juu ni mtu mmoja.

Sisemi kila kitu kinastahili kurudiwa. Msimu wa kwanza unasuasua, na yapo mambo ambayo marudio yanayaumbua. Disney walipokitoa upya kipindi hiki kwenye huduma yao ya mtandaoni mwezi Februari 2021, baadhi ya vipindi walivitangulizia onyo kwamba vinawaonyesha watu na tamaduni kwa namna potofu. Naona walifanya vyema kuviacha viwepo vikiwa na onyo. Tunapofika kwenye sehemu kama hizo hatuziruki, tunasimamisha na kuzisema.

Ila kuna kipindi kimoja ambacho ningekirudia hata kama vingine vyote vingepotea. Ni cha msimu wa tatu, mgeni ni Harry Belafonte, yule aliyerekodi na Miriam Makeba albamu ya mwaka 1965 yenye "Malaika" yetu ndani yake. Mwishoni anakaa na kusimulia kwamba wimbo atakaouimba aliukuta Guinea, kwa msimulizi wa hadithi: tumetoka kwenye moto, kwenye maji, kwenye mlima. Kisha vinyago vinaingia. Ni vikaragosi vilivyotengenezwa kwa mifano ya vinyago vya Afrika, na vilitengenezwa kwa uangalifu, ili kusiwe na kinyago cha ibada ya watu kinachotumiwa ovyo. Havichekeshi. Vinacheza, vinamzunguka. Henson alipofariki tarehe 16 Mei 1990, akiwa na miaka 53, Belafonte aliuimba wimbo huohuo kwenye ibada ya kumkumbuka huko New York.

Mara ya kwanza bibi alitazama sehemu hiyo bila kusema neno. Mara ya pili aliniuliza nani yuko chini ya vile vinyago. Mara ya tatu alinyoosha mkono akaniambia nisitafsiri.

Tuna kanuni moja nyumbani: kipindi kipya hatusemi, kipindi cha kurudia ruksa kusema. Mwezi uliopita shangazi alitufikia kutoka Urambo, hajawahi kuona kitu kama hicho, nami nikajiandaa kumweleza. Bibi akanitangulia. Alisogeza kigoda chake karibu na cha shangazi, akashusha sauti. "Mwanzo atakuja chura. Muangalie mkono wa kushoto. Kisha atakuja mpishi, huyo cheka tu, ila ujue mikono ile si yake."

Deki ikagoma kidogo, nikaipiga kofi, ikaanza.