Kiharusi: ayajue mwalimu tarajali kabla hajashika darasa

Mwalimu anaandika ubaoni, chaki inamponyoka. Anaiokota, inamponyoka tena. Akigeuka kusema na wanafunzi, maneno yanatoka yamevurugika na upande mmoja wa mdomo umeshuka. Haumwi popote, na hapo ndipo hatari ilipo: kwa kuwa hakuna kinachouma, wenzake humwambia akapumzike kidogo.

Hicho ni kiharusi, ugonjwa wa ubongo. Wengi hukichanganya na shambulio la moyo, kisha wakangoja maumivu ya kifua yasiyokuja. Mara nyingi mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo huziba kwa damu iliyoganda. Mara chache zaidi hupasuka. Mshipa mkubwa ukiziba, kwa wastani seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika.

Mwambie atabasamu, uone kama pande mbili za uso zinalingana. Afumbe macho, anyooshe mikono yote mbele viganja vikiwa juu, nawe uhesabu hadi 10: mkono ulioathirika hushuka taratibu, au kiganja hujipindua kwa ndani. Mwisho arudie sentensi fupi. Dalili moja ikitokea ghafla inatosha kumkimbiza hospitali. Kuyumba ghafla, jicho kutoona au kichwa kupasuka kwa maumivu yasiyo ya kawaida pia vichukuliwe hivyo hivyo.

Kisha andika saa. Daktari atauliza mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi, si saa mliyomkuta. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya ubongo kupigwa picha. Kwa hiyo pelekeni mgonjwa moja kwa moja penye kipimo hicho, kama mnajua kilipo.

Asipewe maji wala chakula, kwa sababu koo linaweza kuwa limelegea na kikaingia mapafuni. Aspirini msimpe: kama mshipa umepasuka, itazidisha kuvuja. Vidonge vya presha vya mwenzake ndiyo kosa kubwa zaidi, maana presha ikishushwa ghafla, sehemu ya ubongo iliyobanwa hukosa hata ile damu kidogo iliyokuwa ikipenya. Akitapika au akilegea, mlazeni kwa ubavu.

Dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika chache, bado aende siku hiyo hiyo. Kiharusi kamili kinaweza kufuata, hasa ndani ya siku 2 za mwanzo.

Na watoto je? Mwanafunzi mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, anaweza kupata kiharusi akiwa bado shule ya msingi. Mtoto aliyekuwa akiandika vizuri, leo kalamu haishikiki au mguu unaburuzwa, asikemewe kwa uvivu. Anahitaji hospitali sasa hivi.

Chuoni, zoezi la mikono lifanyeni wawili wawili, mmoja aige mkono unaoshuka. Jicho likishazoea mwendo ule halikosei kirahisi. Darasani, mtoto mdogo msimtwike kazi ya kutambua ugonjwa. Afundishwe kumkimbilia mtu mzima aliye karibu na kusema alichokiona: “Mdomo wa bibi umekwenda upande.”