Nimeruka vidonge vya majira: je, nina mimba?

Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Nilipanda treni kupeleka mzigo Tabora, pakiti ikabaki nyumbani. Nimeruka vidonge viwili. Mbalamwezi imemrudisha mume wangu kutoka ziwani na tumekutana jana. Mimba imeingia?

Chukua pakiti yenyewe uitazame. Ina vidonge 28: vile 21 vya mwanzo vina homoni, na 7 vya mwisho, ambavyo mara nyingi ni vya kahawia, ni vya kuongeza damu tu. Ukiruka vya kahawia, vitupe na uendelee na ratiba yako. Wengi hukosa usingizi kwa ajili ya hivyo, na havizuii chochote.

Ukiruka kimoja chenye homoni, kimeze ukikumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili. Hapo mimba si rahisi. Vikiwa viwili au zaidi mfululizo, meza kimoja papo hapo, vingine ulivyoruka viache, endelea kila siku, na mtumie kondomu kwa siku 7.

Kuna tofauti nikiwa mwanzoni au mwishoni mwa pakiti?

Ipo, tena kubwa. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya. Mwili umetoka kukaa siku 7 za kahawia bila homoni. Ukiongeza siku nyingine mbili, yai linaweza kupevuka. Na mbegu za mwanaume huweza kuishi tumboni hadi siku 5, kwa hiyo hesabu hata mlipokutana kabla hujaruka. Kama vidonge viwili ulivyoruka ni vya wiki hiyo, tafuta leo vidonge vya dharura, vile watu wanavyoviita P2.

Wiki ya pili, kama siku 7 za nyuma ulimeza sawasawa, hatari ni ndogo. Wiki ya tatu, maliza vyenye homoni, ruka vya kahawia, fungua pakiti mpya kesho yake. Mwezi huo unaweza usione siku zako. Hiyo peke yake si dalili ya mimba.

P2 inamezwaje?

Jumla ni miligramu 1.5 za levonogestreli, kidonge kimoja au viwili vya 0.75 kwa pamoja, ndani ya saa 72. Kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ukitapika kabla ya kupita saa 2 tangu umeze, rudia. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kina nguvu zaidi, na kinabaki kukukinga kwa miaka.

Nanyonyesha, vyangu vyote vina rangi moja.

Hivyo vingi vina homoni ya aina moja na havina subira: ukichelewa zaidi ya saa 3 umekwisha kuruka. Meza, kisha kondomu siku 2. Baadhi ya aina huruhusu saa 12. Soma karatasi yake.

Nipime lini?

Ukipima kesho unapoteza hela. Subiri siku 21 tangu mlipokutana. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, usizamishe kijiti kupita mstari wa mwisho, soma baada ya dakika 5. Mstari wa pili, hata ukiwa hafifu, ni mimba. Ule unaojitokeza kijiti kimeshakauka usiuhesabu.

Niache vidonge nisije nikamdhuru mtoto?

Usiache. Havijulikani kumdhuru mtoto, na kuviacha kwa hofu ndiko kunakoleta mimba yenyewe. Kipimo kikionyesha mimba, hapo acha uende kliniki. Kama unameza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, mweleze mhudumu, kwani hudhoofisha vidonge.

Maumivu makali ya tumbo upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, pamoja na kutoonekana kwa siku zako, huenda ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Nenda hospitali usiku huohuo, usisubiri boti ya asubuhi.