Udongo Upande Juu: maswali na majibu kwa wasioweza kuinama

Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua, hawezi kuchuchumaa. Zamani alilima Muheza. Sasa tunaishi naye Makorora, Tanga mjini, na uwanja hakuna. Ataweza kulima tena?

Mfikishie shikamoo yangu. Ataweza, ila udongo ndio umfuate yeye. Tafuteni meza imara, au ubao juu ya matofali, kimo ambacho akiketi mdomo wa chombo uwe usawa wa viwiko vyake au chini kidogo. Mwenye kiti cha magurudumu anahitaji uwazi wa kama sentimita 70 chini ya meza ili magoti yaingie. Vinginevyo atakaa kiubavu na mgongo utamuuma.

Kinachowashinda wengi ni uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa udongo uliolowa huzidi kilo 20. Iwekeni mahali pake ikiwa tupu, ndipo mjaze. Mchicha haudai kina kirefu: beseni la sentimita 15 hadi 20 linatosha, ila nyanya zinataka ndoo nzima. Nasi wa Pwani tuna makumbi ya nazi. Vumbi lake likichanganywa na udongo na samadi iliyooza vizuri, mzigo hupungua na unyevu hukaa. Lisuuzeni kwanza kwa maji ya bomba, maana huwa na chumvi. Toboeni matundu chini. Chombo kilichowahi kutiwa dawa ya wadudu kikataeni hata mkipewa bure.

Baba alipata kiharusi, mkono wa kulia hauna nguvu. Hatutamchosha?

Mpeni kazi ya kweli, lakini ya dakika 15 tu mwanzoni, kabla ya saa 3 asubuhi jua halijawa kali. Mpini mwembamba utamponyoka. Uviringishieni tyubu kuukuu ya baiskeli, Tanga hazikosekani. Matembele yanamfaa sana: anachomeka pingili kwa mkono mzima, ule dhaifu unashikilia beseni. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, zichanganyeni na mchanga mkavu azinyunyize kama chumvi. Amwagilie kwa kopo la lita 1, si dumu.

Haya hayachukui nafasi ya fiziotherapia wala dawa za presha. Na kama anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, asiongeze mboga za majani ghafla: vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kilekile kila wiki, na daktari wake ajue.

Nina kisukari, miguu inakufa ganzi. Nichunge nini?

Vaa viatu vya kufunika vidole, hata bustani ikiwa barazani. Ukimaliza kagua nyayo. Ukiona mchubuko, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na uulizie chanjo ya pepopunda, kwani vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na samadi.

Majirani wanasema tutafuga mbu.

Hofu yao ina msingi. Mwaka 2019 homa ya dengi ilipozuka Dar es Salaam, Tanga nayo iliguswa. Mbu wake huuma mchana na hutaga kwenye maji machache tu, hata ya kisahani kilicho chini ya kopo. Udongo wenye unyevu hauna neno. Visahani vimwageni na kuvisugua kila wiki, maana mayai hunata kwenye kingo, na pipa la maji lifunikwe.

Tuanze na vyombo vingapi?

Beseni moja la mchicha. Wiki 3 au 4 mama atavuna. Hapo mwulizeni yeye la pili lipandwe nini.