Je, wajua kwa nini Denver ilikuwa na hospitali mbili za Kiyahudi za kifua kikuu?

Mwaka 1904 mji wa Denver, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, tayari ulikuwa na hospitali ya Kiyahudi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano tangu ifunguliwe, na mgonjwa hakutozwa senti. Lakini mwaka huohuo kundi la Wayahudi wahamiaji, watu wa kazi za mikono ambao wengi wao walikuwa wakikohoa wenyewe, lilienda nje kidogo ya mji, upande wa magharibi, likasimamisha mahema na kufungua hospitali nyingine. Ugonjwa uleule, dini ileile, na hii nayo ilikuwa ya bure. Ya pili ilikuwa ya nini?

Tuanze na sababu ya wagonjwa kujaa Denver. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, lakini kumjua mdudu si kuwa na dawa yake. Kilichobaki ni mapumziko, chakula kingi na hewa safi. Denver iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, jua lake ni jingi na hewa ni kavu, kwa hiyo madaktari wa miji ya mashariki wakawa wanawaambia wagonjwa: nenda Colorado. (Imani hiyo haikuishia Marekani. Hata Kibong'oto, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kama kituo cha wagonjwa wa kifua.) Shida ni kwamba daktari alitoa ushauri, nauli na malazi hakutoa. Watu walishuka kwenye treni wakiwa hawana kitu, wengine wakaangukia barabarani.

Wayahudi walikuwa wengi miongoni mwao, na ukiangalia walikotoka utaelewa. Waliokimbia mateso na umaskini katika himaya ya Urusi walifikia New York na miji kama hiyo, wakabanana kwenye vyumba ambavyo mchana vilikuwa karakana ya kushona nguo na usiku mahali pa kulala. Madirisha machache, vumbi la vitambaa, mtu akikohoa mwenzake anavuta. Kifua kikuu kikapewa jina la ugonjwa wa mafundi cherehani.

Mama mmoja wa Denver, Frances Jacobs, ndiye aliyepiga kelele hadi hospitali ya kwanza ikajengwa. Alifariki mwaka 1892. Jengo likawa tayari mwaka uliofuata, lakini bei ya fedha, madini yaliyokuwa uti wa mgongo wa Colorado, ikaporomoka, michango ikakauka, na nyumba ile mpya ikakaa tupu miaka sita. Ilifunguliwa Desemba 1899 kwa msaada wa chama cha Kiyahudi cha B'nai B'rith, ikiitwa National Jewish Hospital for Consumptives, na ilipokea watu wa dini zote. Waliokuwa nyuma yake walikuwa hasa Wayahudi wenye asili ya Ujerumani: walishatulia Marekani, wana uwezo, na dini yao ilikuwa imelegeza sheria nyingi za zamani.

Hospitali ikaweka masharti. Inapokea walio katika hatua za mwanzo tu, na mgonjwa hakai zaidi ya miezi sita. Kwa upande wa uongozi hesabu ilieleweka: vitanda ni 60 hivi, mlangoni kuna umati, bora umpe kitanda mwenye matumaini ya kupona. Sasa jiweke kwenye viatu vya fundi aliyevuka nusu ya Marekani kwa treni, anafika anaambiwa ugonjwa wake umekomaa mno.

Halafu kulikuwa na suala la jiko. Hospitali haikupika kosheri, yaani chakula cha halali kwa sheria za Kiyahudi. Kwa msomaji wa Pwani hili halihitaji maelezo marefu, nani asiyejua swali la "kachinja nani?" Ila kosheri inakwenda mbali zaidi ya machinjo. Nyama na maziwa havikai meza moja, kila kimoja kina vyombo vyake, na wengi wakishakula nyama husubiri hata muda wa saa sita nzima ndipo waguse maziwa. Na tiba yenyewe ilikuwa nini? Nyama, mayai na maziwa, tena kwa wingi. Mzee aliyeshika dini tangu utotoni aliletewa kama dawa sahani ambayo kwake ilikuwa dhambi, na aliyeileta ni Myahudi mwenzake. Nadhani hapo ndipo palipouma. Ingekuwa hospitali ya wamisionari angejua tangu mlangoni.

Waliojenga ile ya pili waliiita Jewish Consumptives' Relief Society, kwa kifupi JCRS. Nguzo yake ilikuwa Dkt. Charles Spivak, mzaliwa wa himaya ya Urusi aliyefika Marekani mwaka 1882 akafanya vibarua kabla ya kusomea udaktari. JCRS ilipokea mgonjwa wa hatua yoyote, hata wa kufa kesho. Jiko likawa la kosheri, na lugha ya uwanjani ikawa Kiyidi, lugha ya nyumbani ya wahamiaji wale. Wagonjwa walilala kwenye mahema ya turubai yenye sakafu ya mbao, hata wakati wa theluji, maana hewa baridi ilihesabiwa kuwa tiba. Fedha zilitoka mifukoni mwa wafanyakazi wa kawaida nchi nzima, kidogo kidogo. Kaulimbiu waliichukua katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya kale ya Kiyahudi: aokoaye nafsi moja ni kana kwamba ameokoa ulimwengu mzima.

Hospitali hizo mbili zilirushiana maneno kwa miaka. Wa kwanza walilalamika kwamba michango inagawanywa bure. Wa pili wakajibu kwamba sadaka ya wenzao ni baridi, haina moyo. Mimi naona kila upande ulikuwa na hoja, ingawa ningekuwa mgonjwa ningeenda kwenye mahema.

Huko kwenye mahema fasihi nayo ilikuwa na nafasi. Mshairi Yehoash, aliyefika Denver kutibiwa kifua, alikuwa miongoni mwa walioisukuma JCRS, na mwaka 1911 yeye na Spivak wakatoa kamusi ya Kiyidi. Miaka ya 1930 alilazwa mshairi H. Leivick, aliyewahi kutoroka uhamishoni Siberia.

Mdudu mwenyewe alipatiwa dawa mwaka 1943, streptomaisini, katika maabara ya Selman Waksman, naye mhamiaji Myahudi kutoka himaya ileile ya Urusi. Miaka kumi na kidogo baadaye JCRS ikageukia saratani. National Jewish ipo hadi leo, hospitali kubwa ya magonjwa ya mapafu.

Spivak hakuwahi kuyaona hayo, alifariki mwaka 1927. Katika wosia wake aliagiza mwili upelekwe chuo cha udaktari, upasuliwe na wanafunzi Wayahudi na wasio Wayahudi kwa idadi sawa, kisha mifupa iunganishwe vizuri na kupelekwa Chuo Kikuu cha Yerusalemu ikafundishie.